Kisogo cha Mwezi na Kelele Zetu

Mwezi huu tunaouhesabia Rajabu na Shaabani, eda na deni, bamvua na maji mafu, haujapata kutupa kisogo hata usiku mmoja. Uso ule ule waliokuwa wakiutazama manahodha wa Pate na Lamu ndio tuutazamao sisi leo, na madoa yake ni yale yale. Sababu yake si siri. Mwezi hujizungusha wenyewe kwa muda ule ule unaoutumia kuizunguka dunia, kwa hivyo upande mmoja hutukabili daima, na wa pili hutuepuka daima. Mpaka Oktoba 1959, chombo cha Warusi kilichoitwa Luna 3 kilipopita nyuma na kupiga picha, hapakuwa na mwanadamu aliyejua kisogo hicho kina sura gani. Kilionekana kimejaa makovu na mashimo, bila ya yale madoa meusi mapana tunayoyaona upande wetu.

Kisogo hicho ndicho nitakachokizungumza leo, msomaji, kwani wanafalaki wa ulimwengu wanakitaka, na si wao peke yao wanaokitaka.

Nimesema wanafalaki, sikusema wanajimu. Kwetu Pwani maneno haya mawili huchanganywa, na mtu akitajiwa nyota huona ubao wa ramli. Elimu ya falaki ni nyingine. Ndiyo iliyowapa wazee wetu kibla, nyakati za swala na njia ya baharini, na ndiyo iliyotufanya sisi tuliosoma chuoni tukaririshwe manazili 28 za mwezi kabla hatujajua kugawanya hesabu. Thuraya ni mojawapo ya manazili hizo, nayo ndiyo Kilimia cha wakulima na mabaharia wetu.

Huenda msomaji akauliza: kwani darubini za duniani zina kasoro gani hata watu wahangaike kuzipeleka mwezini? Jawabu ni kuwa sote tunaishi ndani ya nyumba yenye paa. Paa hilo ni hewa. Lina madirisha machache: mwanga tuuonao kwa macho hupita, na sehemu ya mawimbi ya redio hupita. Mengi mengine yatokayo kwenye nyota huishia juu, na kama si hivyo tusingeishi, kwani baadhi yake huunguza na kuua. Atakaye kuyaona hana budi kupanda juu ya paa.

Na jambo hili sisi watu wa Pwani tuna haki ya kulijua kuliko wengi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Wataliano walilisimamisha baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa roketi iliyobeba chombo cha Wamarekani cha kutazama miali ya eksirei kutoka mbinguni. Hakikuwahi kutanguliwa na setilaiti nyingine iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa ipo karibu na ikweta, na upande wake wa mashariki ni bahari tupu. Kwa vile siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilipewa jina Uhuru. Kilifanya kazi hadi 1973, kikaacha orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo. Mkuu wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kila mwanafalaki duniani anajua maana ya neno hili la Kiswahili, hata kama hajui kuwa Malindi ni mji wa maembe na halwa.

Sasa tuuache mlango wa Ngomeni tuufuate mwezi wenyewe.

Darubini ya kwanza kutumika juu ya ardhi ya mwezi ilipelekwa Aprili 1972, katika safari ya Apollo 16, na aliyeibuni alikuwa Mmarekani mweusi. Jina lake George Carruthers. Alizaliwa 1939 mjini Cincinnati, na alipokuwa mtoto wa miaka kumi alijiundia darubini kwa bomba la karatasi ngumu na vioo alivyoviagiza kwa posta. Baba yake alifariki angali mdogo, na mama yake akahamia Chicago pamoja na watoto. Mwaka 1964 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois, akaingia kazini katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani mjini Washington. Ilikuwa miaka ambayo katika majimbo mengi ya nchi ile mtu wa rangi yake alikuwa akipigania haki ya kupiga kura.

Chombo chake kilikuwa na uzito wa kilo 22, kimepakwa dhahabu, kimesimama kwa miguu mitatu kama kiti cha mbuzi cha mtu mrefu. Mwanaanga John Young alikiweka katika kivuli cha chombo walichoshukia, kwani jua la mwezini lingekiharibu, akawa kila baada ya muda akirudi kukigeuza kwa mikono yake kuelekea upande mwingine wa mbingu. Kilipiga karibu picha 200 kwa miali ya urujuanimno, yaani ile iliyo nje ya rangi ya urujuani, ambayo jicho halina uwezo nayo na hewa ya dunia huizuia. Kwa mara ya kwanza dunia yetu ilionekana ikiwa imejifunika guo kubwa la haidrojeni lisiloonekana kwa macho. Young na mwenzake Charles Duke walirudi na filamu, chombo wakakiacha. Kingali pale pale. Carruthers mwenyewe alitunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia na Rais Barack Obama mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 73, akafariki Desemba 2020. Ni ajabu kwamba vijana wetu wanaojua majina ya wachezaji wa Ulaya mpaka wa akiba hawajapata kulisikia jina lake.

Upande wa kusini wa mahali kilipo chombo hicho, kilomita kama 150 hivi, kuna shimo kubwa la duara, ambalo wataalamu huliita kasoko, lenye jina la Abulfeda. Huyo ni Abu al-Fida, mtawala wa Hama katika nchi ya Sham na mwandishi mashuhuri wa jiografia, aliyefariki mwaka 1331. Tangu padri Riccioli wa Italia alipochapisha ramani yake ya mwezi mwaka 1651, majina ya wanavyuoni wa Kiislamu yamekuwa yakiandikwa juu ya uso ule: al-Battani, al-Farghani, Thabit bin Qurra, Ulugh Beg. Al-Biruni, Ibn Sina na Omar Khayyam wamepewa makasoko ya upande wa kisogo. Hata Ibn Batuta, aliyepita Mombasa na Kilwa katika mwaka ule ule wa 1331, anayo kasoko yake upande wetu. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kuwa mambo ya mwezi ni ya Wazungu na sasa Wachina, na kwamba sisi kazi yetu ni kukodoa macho.

Baada ya Carruthers palipita miaka mingi pasipo darubini mpya. Desemba 2013 Wachina walitua na chombo chao Chang'e 3 kilichobeba darubini ya urujuanimno yenye kioo cha sentimita 15, ikawa ya kwanza kuendeshwa kutoka duniani bila ya mtu kuwepo. Ilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Tarehe 3 Januari 2019 Chang'e 4 kikawa chombo cha kwanza kutua salama upande wa kisogo, ndani ya kasoko ya Von Kármán. Nacho kilichukua antena za kusikilizia.

Hapo kwenye kusikiliza ndipo ulipo moyo wa maneno yangu.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka redio za betri zilizokuwa zikiwekwa dirishani usiku, mshale ukisogezwa polepole baina ya mita 13, 16, 19, 25 na 31, kutafuta London, Cairo au Cologne. Sauti ilikuja ikipanda na kushuka kama mashua katika mawimbi, mara ipo, mara imezama, na mzee mwenye nyumba akinyoosha kidole tunyamaze. Sauti ile haikuja moja kwa moja. Dunia ni duara, na London iko nyuma ya mgongo wake. Ilirushwa juu, ikakutana na tabaka ya anga iliyojaa chembe zenye umeme, iitwayo ayonosfia, ikarudishwa chini, ikaigonga bahari, ikapanda tena, hata ikatufikia. Ile kupanda na kushuka ilikuwa ni kutikisika kwa tabaka yenyewe.

Basi paa lililoturudishia sauti ya London ndilo linalowarudisha nyuma wageni watokao juu. Mawimbi marefu ya redio kutoka mbinguni, yale ya zaidi ya mita 30 hivi, kwa kawaida hayapiti kabisa. Yaliyo mafupi kidogo kuliko hayo hupita, lakini yakitetemeka na kupotoka. Na hata yanayopita hukuta huku chini soko: vituo vya redio, rada, simu, nyaya za umeme, na sasa maelfu ya setilaiti zinazopita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya redio ya LOFAR, iliyotandazwa Uholanzi na nchi jirani, walieleza kuwa setilaiti za Starlink zinavujisha mawimbi ambayo hazikukusudiwa kuyatoa, kwa sababu tu zina vifaa vya umeme ndani.

Katika mawimbi hayo marefu kuna nini hata watu wayatamani? Kuna habari ya zamani kuliko nyota. Wanafalaki wanatueleza kuwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000 ulikuwa umepoa kiasi cha haidrojeni kuweza kujiunda, na mng'ao wake wa mwanzo ukafifia. Baada ya hapo likaingia giza. Hapakuwa na jua, nyota, wala chochote cha kuwaka, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka milioni mia moja mpaka nyota za kwanza zilipowaka. Hakuna darubini ya kioo itakayoweza kuona zama zile, kwa kuwa hapakuwa na mwanga wa kuona. Lakini haidrojeni ilikuwepo imetanda kila mahali, na haidrojeni ina mlio wake: huumeza na kuutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Tangu zama hizo ulimwengu umetanuka, na mawimbi yaliyosafiri ndani yake yametanuka nao, mara hamsini, mara themanini, mara tisini. Piga hesabu, msomaji. Sentimita 21 zikizidishwa mara 80 ni karibu mita 17.

Mita 17! Ni baina ya alama ya 16 na alama ya 19 katika kioo cha redio ya marehemu baba. Pale pale tulipokuwa tukiusogeza mshale kutafuta taarifa ya habari ndipo ilipo habari ya kwanza kuliko zote, nasi tulikuwa tukiisikia, kama tuliisikia, katika ile sauti ya mchanga kati ya kituo na kituo, imefunikwa na makelele yanayoizidi mamia ya maelfu ya mara.

Ndiyo maana ya kisogo cha mwezi. Kule mawe ya unene wa kilomita 3,474 yamesimama baina ya msikilizaji na dunia, na hakuna ayonosfia ya kutajika. Kukiingia usiku wa mwezini, ambao hudumu wiki mbili za kwetu, hata jua nalo, ambalo lina kelele zake, huwa limefichwa. Hili si la kudhania. Mwaka 1973 Marekani ilipeleka setilaiti iitwayo Explorer 49 kuuzunguka mwezi, na kila ilipopita nyuma kelele za dunia zilikatika, na kila ilipochomoza zikarudi. Sijui mahali pengine karibu nasi penye ukimya kama huo. Niliwahi kuutungia ubeti:

Uso wake twaujua, kisogo hatukioni,
Huko havijafikia, vishindo vya duniani,
Anayetaka tulia, asikie ya zamani,
Naende kwa kunyamaa, asilete tafarani.

Safari za kusikiliza zimekwisha kuanza, kwa kusuasua. Februari 2024 chombo cha kampuni ya Marekani kilichoitwa Odysseus kilitua karibu na ncha ya kusini kikiwa na antena za kupokea mawimbi hayo, lakini kiliinama kikalala ubavu, na walichokiambulia zaidi watafiti ni kelele za dunia yenyewe. Kinachosubiriwa ni chombo cha LuSEE-Night, kilichoundwa na wataalamu wa NASA, wa Wizara ya Nishati ya Marekani na wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Safari yake ilipangiwa mwaka 2026, kwenye chombo cha pili cha Blue Ghost, kutua upande wa kisogo. Ni kitu kidogo: antena nne za mita tatu tatu na betri kubwa. Mtihani wake mkuu ni kuvuka usiku. Wiki mbili bila jua, baridi ikishuka chini ya nyuzi 150 kasoro sifuri, na kifaa kitakiwe kiamke asubuhi kingali hai. Wachina nao wana mpango wa setilaiti kumi za kuuzunguka mwezi kwa safu, zikisikiliza kila zinapopita nyuma.

Mbele zaidi kuna ndoto. Katika maabara ya NASA ya California mhandisi Saptarshi Bandyopadhyay na wenzake wamechora darubini ya redio itakayotundikwa ndani ya kasoko: roboti zitashuka kingoni zikivuta nyaya, mpaka wavu wa upana wa mita 350 uning'inie kama jarife lililotandwa baina ya nguzo. Darubini ya Arecibo kule Puerto Rico, iliyokuwa fahari ya dunia, ilikuwa na mita 305, nayo ilianguka Desemba 2020. Wengine wanataka kutandaza antena laki moja kwenye uwanda wa mwezi, zikiundwa kwa madini ya udongo wa huko huko. Hizi ni karatasi bado. NASA imetoa fedha za kufikiria, haijatoa za kujenga.

Barazani kwetu, nilipokuwa nikilieleza jambo hili baada ya swala ya isha, mzee mmoja aliniuliza: "Sasa mwanangu, wakishaziweka hizo darubini kule, si watatuambia wenyewe kuwa mwezi umeandama, tupumzike na huu ugomvi wa kila Ramadhani?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana, na nilimjibu hivi: "La, ami. Aliye juu ya mwezi haoni hilali. Hilali ni jambo la anayetazama kutoka hapa." Aliyesimama upande unaotukabili huiona dunia ikiandama na kupevuka kama sisi tuonavyo mwezi, ila kwa kinyume: usiku wetu wa hilali, kwake dunia ni mpevu, na usiku wetu wa kumi na nne, kwake dunia haionekani. Na aliye upande wa kisogo haioni dunia maisha yake yote. Ugomvi wetu, kwa hivyo, utabaki papa hapa barazani.

Si kila darubini, kwa maoni yangu, inastahili kupelekwa mwezini, na wanafalaki wenyewe hawakubaliani. Darubini kubwa za kioo zimekwishapata makao mema kuliko huko. Ile ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na kugharimu kama dola bilioni 10, inaelea kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na kioo chake cha mita 6.5 hakijui vumbi la mwezi. Vumbi hilo ni adui. Halijapata kusuguliwa na upepo wala maji, kwa hivyo ni kali kama vigae vilivyosagwa, hunata kwenye kila kitu, na wanaanga wa Apollo walirudi nalo kwenye kucha na puani, wakasema lanukia baruti. Mwenye kioo cha mabilioni atafikiri mara mbili. Lakini zipo kasoko za karibu na ncha ambazo jua halijaingia ndani yake kwa zama zisizohesabika, na baridi yake hushuka chini ya nyuzi 230 kasoro sifuri. Darubini ya kupokea joto la nyota, ambayo hutaka kuwa baridi kuliko inachokitazama, ingepata pale bure kile ambacho kwingine hununuliwa kwa mitambo.

Shida ni kwamba kasoko hizo hizo ndizo zenye barafu. Wenye kutaka kukaa mwezini wanaitaka barafu kwa maji ya kunywa na kwa mafuta ya roketi. Marekani ina mradi wake wa Artemis, China na Urusi zina mpango wao wa kituo, India ilitua upande wa kusini Agosti 2023, na nyuma ya serikali yamejipanga makampuni. Atakayefika na sururu hatamngoja mwenye darubini. Sululu zikianza, vumbi litapanda, na mwezi hauna upepo wa kulisukuma pembeni.

Na ukimya nao una wanunuzi. Machi 2025 kampuni ya Nokia ilikwishapeleka mtandao wa simu mwezini, upande wa ncha ya kusini, katika chombo cha Athena. Chombo kiliangukia ubavu na mtandao ukawashwa kwa dakika chache tu bila ya simu kupigwa, lakini nia imeonekana. Shirika la anga la Ulaya linaandaa setilaiti za mawasiliano na za kuonyesha njia kuuzunguka mwezi, na Wamarekani wana mpango kama huo. Setilaiti inayouzunguka mwezi haiishii mbele, hupita na nyuma. Hata darubini yenyewe itahitaji mjumbe wa kuileta habari nyumbani, kwani kutoka kisogoni hakuna neno linalofika duniani moja kwa moja. Wachina walilitatua hilo kwa setilaiti yao ya Queqiao. Mjumbe mmoja anaweza kupangiwa saa za kusema na saa za kunyamaza, na kuchaguliwa masafa yasiyomkera msikilizaji. Ishirini, za wenye mali ishirini mbalimbali, ni habari nyingine.

Sheria ipo, na si mpya. Kanuni za redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lenye makao yake Geneva, zinalitaja eneo la kisogo kuwa eneo lililokingwa, na zinakataza ndani yake mawimbi yatakayowadhuru wenye kusikiliza mbingu. Lakini kanuni hizo zina milango: masafa fulani ya utafiti wa anga yameruhusiwa, na mlango ulioachwa kwa watafiti wachache wa zamani unaweza kupitiwa na msafara wa wafanyabiashara. Mkataba wa anga wa 1967 nao unasema hakuna taifa litakaloumiliki mwezi, lakini hausemi nani anyamaze. Mwaka 2024 chama cha kimataifa cha wanafalaki kiliunda jopo la kulishughulikia jambo hili kabla halijaharibika.

Kwamba ukimya unaweza kulindwa kwa sheria, Afrika imekwisha kuonyesha. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuzilinda nyanda zake za Karoo zisiingiliwe na kelele za redio, na kwa ajili hiyo ikapata kujengewa sehemu ya darubini kubwa ya redio ya SKA. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoandikwa washirika wa Afrika Kusini katika mradi huo. Si wageni, basi, katika maneno haya.

Mkutano wa dunia wa kugawa masafa ya redio umepangwa kufanyika Shanghai, China, kuanzia Oktoba 2027, na katika ajenda yake imo mada ya mawasiliano ya mwezini: masafa gani yatumike juu ya ardhi yake na baina ya ardhi hiyo na vyombo vinavyouzunguka. Hapo ndipo itakapoamuliwa kama ile milango ya kanuni itafungwa au itapanuliwa. Katika shirika hilo kila nchi mwanachama ina kura moja, iwe ina roketi au haina. Marekani moja, China moja, Komoro moja, Kenya moja. Nchi za Afrika hukutana kabla ya mkutano kama huo kuandaa kauli yao ya pamoja, na kwa kawaida yanayowashughulisha ni simu, televisheni na intaneti ya vijijini, mambo ambayo hapana wa kuyadharau. Kifungu cha mwezi hupitishwa haraka kwa kuwa hakina mwenyewe. Wajumbe wetu wangeweza kuomba mambo mawili tu: kwamba eneo lile lililokingwa libaki limekingwa kwa masafa yote ya chini, yale ya mita 10 na zaidi, na kwamba kila setilaiti ya mwezini ipimwe mivujo yake kabla ya kurushwa, isije ikawa kama zile za Starlink zilizogunduliwa zikiwa zimekwisha kujaa angani.